Kabine ya masikio Lubumbashi: wanapima kwanza, dawa baadaye

Mimi ni mshonaji, nina karakana Kamalondo. Sikio langu la kushoto lilianza kupapatika ndani, tk-tk-tk, hasa mkasi ukigonga meza au mteja akikunjua kikwembe kipya. Mahali nilipoanzia walinipa antibiotiki na matone bila hata kuchungulia sikio. Ndiyo maana kabine hii ya ORL (daktari wa masikio, pua na koo) ya katikati ya mji naisifu kwa moyo wote.

Daktari hakukimbilia kuandika dawa. Alinishika mkono penye mshipa, akasema: "Mama, gonga kidole mezani kila unaposikia." Nikagonga. Moyo ukaenda na mwendo wake, kidole na wake. Sauti inayofuatana na moyo mara nyingi hutoka kwenye mishipa ya damu. Yangu haikuwa hiyo. Kisha akaangalia kaakaa laini, ile sehemu laini ya nyuma juu mdomoni, kwani misuli ya pale ikijikaza yenyewe hutoa mlio ambao hata jirani yako anaweza kuusikia. Hakuishia mdomoni, alipitisha kamera nyembamba puani, maana ukipanua mdomo sana msuli unaweza kutulia usionekane. Langu lilikuwa tuli. Kama lingecheza, angenituma kwenye IRM ya kichwa, picha ya mashine ya sumaku, kwa sababu wakati mwingine chanzo kiko kwenye shina la ubongo.

Ikaja timpanometri, kipimo cha mwendo wa ngoma ya sikio. Kizibo laini sikioni, usimeze mate, usiongee, na mashine ikaachwa iandike kwa muda mrefu. Msaidizi akatikisa funguo karibu nami: mstari kwenye skrini ukaruka, palepale niliposikia mpapatiko. Nililia. Nyumbani walishaanza kunong'ona mambo ya mapepo, na sasa kitu chenyewe kiko mbele ya macho ya watu watatu.

Ni misuli ya sikio la kati. Iko miwili: mmoja umeshika kifupa cha nyundo, mwingine kile cha kikuku, na huu wa pili ndio mdogo kuliko misuli yote inayoshika mifupa mwilini. Mmojawapo ukijikaza ovyo, unasikia mpapatiko.

Matibabu aliyaeleza bila haraka. Wengi hutulia wakijua si hatari, wakilala vizuri na kupunguza mawazo. Dawa ya kutuliza iitwayo klonazepamu husaidia baadhi ya watu, ila inaleta usingizi na mwili huizoea. Mimi nakaa mbele ya sindano ya mashini, nikaomba tusubiri, akakubali. Kwa waliozidiwa kuna upasuaji wa kukata kano za misuli hiyo.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu, timpanometri inalipwa kando na fishi (karatasi ya kumwona daktari), na karatasi ya majibu ni Kifaransa kitupu. Mwombe daktari akusomee kabla hujatoka. Mpapatiko bado unanijia jioni nikichoka, lakini nashona. Nimeshampeleka dada yangu mkubwa pale kwa sikio lake, na tumepangiwa kurudi.