ncdu kwenye seva ya saraka: inaona mengi, haioni yote

Dalili ya kwanza haikufanana kabisa na tatizo la diski. Watumiaji walikuwa wakiingia kwenye akaunti zao bila shida, ilhali kila aliyejaribu kubadilisha nywila alikataliwa, kwa kuwa slapd, yaani huduma ya OpenLDAP inayotunza saraka ya akaunti na nywila, iliendelea kuisoma hifadhidata lakini haikupata mahali pa kuandika. Amri ya df ilionyesha kuwa diski ya gigabaiti 40 imejaa asilimia 100. Kazi ya kutafuta kilichoijaza nimezoea kuikabidhi ncdu, na kwa seva za aina hii ninajua inapofaa na inapoishia.

Ncdu ni programu ndogo ya terminali iliyotungwa na Yoran Heling. Hupitia folda zote mara moja, kisha huzipanga kuanzia iliyo kubwa zaidi, nawe hushuka ndani kwa vitufe vya mishale badala ya kuandika du, amri ya kupima ukubwa wa folda, upya kila hatua. Swichi ya -x huizuia isivuke kwenda diski nyingine, jambo la lazima ikiwa nakala za akiba zimepachikwa chini ya /mnt. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba matokeo yanaweza kupelekwa kwenye kompyuta nyingine kupitia ssh kwa -o- na kusomwa huko kwa -f-, hivyo seva iliyokwisha kukosa nafasi haiongezewi faili jingine.

Ugumu huanza unapofika /var/lib/ldap, folda ya hifadhidata ya OpenLDAP. Faili la data.mdb, ambalo ndilo hifadhidata yenyewe, halipungui hata ukifuta maelfu ya maingizo: kurasa zilizoachwa huwekwa kando zitumike tena, kwa hiyo ukubwa unaouona ni wa siku ambayo hifadhidata ilinenepa kuliko siku zote. Aidha, ikiwa msimamizi amewasha writemap, yaani mpangilio wa kuandika hifadhidata kupitia kumbukumbu, faili hilo hutangaza ukubwa wote uliowekwa kwenye maxsize, kikomo cha ukubwa wa hifadhidata, ilhali sehemu kubwa yake huenda ni mapengo yasiyokalia diski. Hapa ncdu inastahili sifa, kwani kwa kawaida huonyesha nafasi inayokaliwa kweli, na kitufe cha a hukupa ule ukubwa wa kutajwa. Linganisha vyote viwili kabla ya kuilaumu hifadhidata. Kuipunguza ni kazi ya mdb_copy -c, na nakala hiyo mpya nayo inataka mahali pa kuwekwa.

Usiku ule, hata hivyo, jumla ya ncdu iliishia gigabaiti 27. Zilizosalia hazikuwa kwenye folda yoyote: mtu alikuwa amefuta faili la logi lililovimba, lakini huduma ya logi ilikuwa bado imelishikilia wazi, na Linux haiachii nafasi ya faili la namna hiyo mpaka lifungwe. Ncdu haiwezi kuliona kwa sababu hufuata majina ya mafaili, na jina lilishaondoka. Amri ya lsof +L1, inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yako wazi, ililifichua mara moja. Tulipoianzisha upya huduma hiyo, df ikashuka hadi karibu asilimia 70.

Lawama yangu kubwa ni kitufe cha d, ambacho hufuta kwa swali moja tu la uthibitisho, na katika orodha iliyopangwa kwa ukubwa data.mdb mara nyingi ndiyo iliyo juu kabisa, chini ya kidole. Mimi huiita ncdu kwa -r daima ili isiweze kufuta, na huiendesha kama root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kwa sababu mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kusoma folda ya hifadhidata, naye hubaki akitazama alama ya mshangao mahali palipostahili kuonyesha gigabaiti kadhaa.