Tuisheni ya kemia mwaka wa kwanza, Sinza
Elfu tano kwa kipindi, chumba cha juu ya duka la simu, feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Lakini mwalimu anajua kazi! Alifungua soda mbili, moja ya baridi, nyingine imeshinda juani. Ya pili ikamlowesha shati. "Gesi na maji ya moto hawapatani," akasema. Msawazo, yaani hali ya badiliko kwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi sawa, nikauelewa hapo hapo.

Kisha asidi ya ethanoiki na ethanoli, moli moja moja: K, yaani namba ya msawazo, ni kama 4, basi theluthi mbili tu ndiyo inageuka esta (zao la asidi na alkoholi). Matone ya asidi ya sulfuriki yanaharakisha tu, hayaongezi esta.

Entropia, kipimo cha mtawanyiko, aliikimbiza mno, na fotokopi zimefifia: ile alama ya kutoa kabla ya TΔS kwenye fomula ya nishati huru, ΔG = ΔH − TΔS, sikuiona kabisa. Jumamosi narudi, ila noti nitaandika mwenyewe.