Nimelipia meza ya mikeka na vikapu kwenye maonesho: uzoefu wangu

Kwa mwenye kazi ya mikono hapa Dar es Salaam anayejiuliza kama alipie meza kwenye maonesho ya wikendi, haya yanayofanyika pande za Oysterbay na Masaki, jibu langu ni ndiyo, alipie. Ila aende na kazi ya kufanyia palepale. Kilichoniuzia mimi kuliko kitu kingine chochote ni ukili, utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, niliokuwa nausuka mapajani.

Nauza mikeka, vikapu na vipepeo vya jikoni, vyote vya ukindu. Ukindu unatoka Rufiji kwa mama yangu mdogo. Yeye na wenzake wanasuka huko, mimi nasuka hapa Mbagala. Siku zote tumeuza kwa jumla kwa wachuuzi, na mkeka ukishaondoka hatujui umetandikwa nyumba ya nani. Safari hii nilitaka kumwona mnunuzi mwenyewe, nisikie anachouliza.

Meza ilikuwa shilingi 80,000 kwa Jumamosi na Jumapili. Humo unapata meza, viti viwili na turubai juu. Umeme unalipiwa kando, sikuuhitaji. Usafiri ni juu yako: nilikodi kirikuu, mikeka ikakunjwa na kufungwa kamba, vikapu vikaingizwa kimoja ndani ya kingine.

Waandaaji walikuwa wakarimu na usafi ulikuwa mzuri. Lakini ramani ya meza tuliletewa Ijumaa usiku, pesa tukiwa tumeshatoa, na mimi nikapangwa nyuma kabisa, jirani na jenereta. Hilo halikunipendeza na niliwaambia. Nafasi ya meza ni nusu ya biashara, kwa hiyo mtu aonyeshwe kabla hajalipa. Uliza pia jua linapita wapi. Mchana lilihamia upande wangu, na ukindu uliotiwa rangi ukikaa juani unapauka; ilibidi nifunike mikeka ya rangi kwa kanga. Na kama ni miezi ya kaskazi, karibu na bahari, beba kamba za kutosha na vibanio, maana upepo wa pale haubembelezi.

Asubuhi watu walipita, wakashika, wakauliza bei, wakaenda zao. Nikachukua ukili niliouanza nyumbani nikaendelea kusuka. Akasimama mtoto, mama yake akasimama nyuma yake, na baada ya hapo meza haikukaa tupu. Waliuliza ni jani gani. Nikawaonyesha: kuti changa la mkindu, linakatwa kabla halijachanua, linachanwa, linaanikwa, na la rangi linachemshwa na rangi yake. Ukisuka unapata ukili, utepe mrefu tunaoupima kwa pima, kisha unaushona ubavu kwa ubavu kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, mpaka upate mkeka. Wengine niliwapa ukindu uliochanwa wajaribu. Mtu akishahangaika na shubiri moja ya ukili, haulizi tena kwa nini mkeka wa futi sita unauzwa 70,000. Anapatana bado, na ni haki yake, lakini anapatana kama mtu anayeutaka.

Jumapili alikuja bibi mmoja na wajukuu zake.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mkono wa nani huu?”

Nikamwambia ni wa mama mdogo, Rufiji. Akaugeuza mkeka upande wa chini, akafuata mshono kwa kidole kutoka pindo hadi pindo, kisha akalipa bila kupunguza hata mia. Jioni ile nilimpigia mama mdogo nikamweleza yote. Kazi yake imepita mikono mingi miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kumletea neno la aliyenunua. Kwangu hilo peke yake lilitosha kurudisha nauli.

Malipo mengi yalikuja kwa simu. Chapisha Lipa Namba kwa herufi kubwa, uiweke pale mtu anapoiona bila kuuliza. Wageni huja na noti za elfu kumi, kwa hiyo uwe na chenji tangu asubuhi. Bei andika kwenye kila kitu. Wapo wanaoona haya kuuliza, nao huondoka kimya. Kuhusu vifungashio, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mimi nafunga kwa kamba ya ukindu yenye kishikio, na wateja waliipenda kuliko mfuko wa karatasi.

Siku zenyewe vilitoka zaidi vitu vidogo, vipepeo na vikapu vya kuwekea matunda. Mikeka mikubwa ilikuja kwa oda: watu walipiga picha, wakachukua namba, wakapiga simu wiki iliyofuata wakitaja vipimo vya vyumba vyao. Kwa hiyo usifunge hesabu Jumapili jioni. Lakini kama bidhaa zako zote ni za elfu mbili tatu, tafuta mwenzako mchangie meza, kwa sababu kuirudisha 80,000 peke yako kwa bei hizo ni kazi nzito.

Nimeshalipia maonesho yajayo. Safari hii nimeomba kwa maandishi meza ya karibu na lango, wamekubali, na mama mdogo anakuja na shazia yake ashone mbele ya watu mimi nikisuka.