Duka la makaa linalopima kwa kilo, Moshi

Duka hili la makaa lililo karibu na soko la Mbuyuni huuza kwa mizani, jambo ninalolithamini sana, kwa kuwa lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba cha makaa juu ya mdomo wake na kufungwa kwa kamba, humwacha mnunuzi akikisia tu uzito anaoulipia. Wakala wa Vipimo imepambana na ujazo huo kwa miaka mingi, hasa kwenye mazao ya shambani. Makaa yao ni magumu, yameondolewa chenga kwa chekeche, na hukaa jikoni muda mrefu. Hata hivyo, mizani pekee haitoshi: makaa yaliyonyeshewa huwa mazito, hivyo msimu wa masika wayafunike kwa turubai zima, kwani la sasa limetoboka.