TAHADHARI: Muuza vidonge vya "kusafisha mishipa" anayezunguka kwenye magrupu, someni kabla hamjamtumia hela

Wakuu naomba dakika zenu chache, na admini tafadhali usiifute hii hata akikufuata inbox.

Kuna jamaa anajiita dokta, mara mtaalamu wa lishe mara mtafiti, inategemea yuko grupu gani siku hiyo, anauza kopo la vidonge anasema linayeyusha mafuta kwenye mishipa ya damu na kutoa sumu zote za mazingira mwilini, plastiki, moshi, viuatilifu, yani vyote kwa mpigo ndani ya siku 30. Jina la bidhaa sitahangaika nalo maana likichafuka anarudi na kopo lile lile lebo mpya, namba ya simu mpya, picha ya profaili mpya. Nawaeleza mbinu zake tu, hizo habadilishi, na wenzake wanaofanya biashara hii wanatumia hizo hizo, nadhani kuna mahali wanafundishana.

Ushahidi wake mkubwa ni picha mbili za majibu ya maabara. Ya kwanza ameandika KABLA, kolesteroli 240. Ya pili BAADA, kolesteroli 5.9. Chini watu wanamwaga amina na moto, wengine wanauliza kama anatuma mikoani. Mimi nikaikuza ile picha. Pembeni ya 240 pameandikwa mg/dL, pembeni ya 5.9 pameandikwa mmol/L. Jamani hivyo ni vizio viwili tofauti, ni maabara mbili zinaandika kitu kile kile kwa namna mbili! Kolesteroli ukitaka kuitoa kwenye mmol/L kwenda mg/dL unazidisha kwa 38.67, toa simu yako sasa hivi fungua kikokotoo, 5.9 mara 38.67 inakuja kama 228. Kwa hiyo mtu wake katoka 240 kaenda 228, hiyo ni asilimia 5, na tofauti ya hivyo unaipata ukimpima mtu mmoja wiki mbili tofauti hata kama hajameza kitu, kolesteroli ndivyo ilivyo, inapanda na kushuka yenyewe kidogo kidogo. Traiglisaridi, yale mafuta mengine ya kwenye damu, ndio usiseme kabisa, umekula saa ngapi, umekunywa pombe jana, umelala vipi, inayumba sana kuliko hiyo. Alafu angalieni na kitu kingine, jina la mgonjwa kalifunika, sawa hiyo ni faragha, sasa tarehe naye anaifunika ya nini?

Nikamuuliza pale pale kwenye grupu kwa heshima kabisa, dokta mbona vizio vya karatasi mbili havifanani. Nikatolewa kwenye grupu.

Mbinu ya pili ni karatasi ya masharti. Ukinunua kopo unatumiwa na masharti, acha sigara, acha pombe, punguza nyama ya mafuta na siagi, kula mboga na nafaka zisizokobolewa, tembea kila siku, na "ukivunja sharti dawa haifanyi kazi". Sasa hebu tuwe wakweli, hayo masharti ndiyo yanafanya kazi! Mtu akiacha sigara HDL yake, ile kolesteroli nzuri, inapanda, hiyo inajulikana miaka mingi. Akipunguza mafuta yanayoganda LDL, ile kolesteroli mbaya, inashuka. Zile nyuzinyuzi za kwenye shayiri na maharage zinashika nyongo huko kwenye utumbo zinatoka nayo chooni, ini linalazimika kuchukua kolesteroli kutoka kwenye damu litengeneze nyongo nyingine. Bure kabisa. Lakini mwezi ukiisha majibu yakawa mazuri sifa anachukua yeye na kopo lake, yakiwa mabaya unaambiwa ulivunja masharti, kwa hiyo yeye hakosei hata siku moja.

Kuna na kifurushi cha "kufungua ini", hiki wanakiuza kwa wale ambao kopo la kwanza halijawasaidia. Unakunywa mafuta mengi ya zeituni na juisi ya limau usiku, pamoja na chumvi ya kuharisha, asubuhi unatoa vitu laini vya kijani vya mviringo, unapiga picha unamtumia, naye anazirusha kwenye grupu kwamba ndio kolesteroli iliyokuwa imeganda. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha habari ya mgonjwa aliyefanya hivyo hivyo, wakavipeleka vile vijiwe maabara. Havikuwa na kolesteroli hata kidogo. Ukivipasha moto nyuzi 40 vinayeyuka kuwa mafuta ya kijani. Ni sabuni, yale mafuta uliyokunywa yamegeuka sabuni tumboni mwako, hakuna kingine. Na mwenye mawe ya kweli kwenye kifuko cha nyongo asijaribu kabisa hiyo kitu, jiwe likisogea likaziba njia ni opereshen ya dharura.

Kile kimashine chao cha kupimia afya, cha kushika chuma mkononi alafu kompyuta inatoa ripoti ya kurasa kibao sitaki hata kukizungumzia sana. Kolesteroli inapimwa kwenye damu, tone la kidoleni au ya mshipa. Mashine isiyogusa damu haiwezi kukwambia LDL yako. Angalieni kabla ya kupima wanakuuliza umri, uzito, urefu na jinsia, waambie wakupime tena ila wadanganye umri na uzito uone kama ripoti haitabadilika.

Sasa twende kwenye sumu za mazingira, hapa ndipo anapowapata watu wasomi, maana anaanza na ukweli. Ni kweli mazingira yanagusa mafuta ya kwenye damu. Kuna kemikali zinaitwa PFAS, zimetumika kwenye vikaango visivyoshika, vitambaa visivyopata madoa, mapovu ya kuzimia moto. Kule Marekani, Ohio na West Virginia, kiwanda kilichafua maji ya kunywa kwa moja ya kemikali hizo, wakachunguzwa watu kama 69,000, na mwaka 2012 jopo la wanasayansi likasema kuna uwezekano mkubwa kemikali hiyo inahusiana na kolesteroli kuwa juu. Moshi wa sigara pia, hata wa mwenzako anayevuta ndani ya nyumba, unahusishwa na HDL kuwa chini. Hayo yote anayasema na ni sawa. Uongo unaanzia pale anaposema kopo lake linavitoa.

PFAS kama hiyo ya Ohio zikishaingia kwenye damu zinakaa miaka, nusu yake tu kutoka ni miaka kadhaa. Unajua kilichoonekana kuzipunguza? Mwaka 2022 Australia walichapisha jaribio la wazimamoto 285, kundi moja wakawa wanachangia damu, jingine plazma, yani yale majimaji ya damu, jingine wakakaa tu kama walivyo, kwa mwaka mzima. Waliotoa damu na plazma viwango vilishuka, zaidi wale wa plazma. Yani ilibidi itolewe damu yenyewe! Alafu mtu anakuja na kidonge cha siku 30. Mwambieni akuoneshe kipimo cha PFAS cha mteja wake mmoja tu, kabla na baada. Hicho kipimo ni cha maabara maalumu, hana na hajawahi kuwa nacho. Ukitaka kujikinga hangaika na maji unayokunywa na moshi wa ndani, siyo kopo.

Haya, ndani ya kopo kuna nini. Lebo inasema kitunguu saumu, manjano, mdalasini, mafuta ya samaki na mchele mwekundu uliochachushwa. Mnajua hivyo vyote vilishapimwa kwa pamoja? Mwaka 2022 watafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani waliwachukua watu kama 190 kwa siku 28, wengine rosuvastatini, moja ya zile dawa za hospitali za kushusha kolesteroli zinazoitwa statini, ya miligramu 5 ambayo ni dozi ndogo, wengine saplimenti moja kati ya hizo nilizotaja au sterolo za mimea (vitu vya kwenye mimea vinavyofanana na kolesteroli), wengine kidonge cha bure kisicho na kitu. Wa statini LDL ilishuka kama asilimia 38. Saplimenti hakuna hata moja iliyokishinda kile kidonge cha bure, na wa kitunguu saumu LDL yao ilipanda. Ndiyo, najua kuna mtu atakuja kusema ule utafiti ulilipiwa na kampuni inayouza rosuvastatini, ni kweli AstraZeneca walilipia, na siku 28 ni chache, sibishani. Na sisemi saplimenti zote ni bure, sterolo za mimea gramu 2 kwa siku kwenye tafiti nyingine zinashusha LDL karibu asilimia 10, mafuta ya samaki yanashusha traiglisaridi ila kwa dozi kubwa ya gramu 2 mpaka 4 za EPA na DHA zenyewe (yale mafuta ya omega-3 yanayofanya kazi), wakati kidonge cha kawaida cha miligramu 1000 huwa na kama 300 tu za hizo, hesabu mwenyewe vingapi. LDL hayaigusi kivile, DHA inaweza hata kuipandisha kidogo.

Kinachonitisha mimi ni ule mchele mwekundu uliochachushwa, siyo mchele wa kawaida wa kupika. Una kitu kinaitwa monakolini K, na hiyo monakolini K ni lovastatini, ni dawa ile ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, molekuli moja. Kwa hiyo huyu anayewatukania statini kila siku kwamba ni sumu za wazungu anawauzia statini! Tena bila dozi. Mwaka 2017 watafiti Marekani walipima bidhaa 28 za mchele huo kutoka madukani, mbili hazikuwa na monakolini kabisa, zilizobaki zilitofautiana zaidi ya mara 60, na lebo haikukwambia. Ulaya mwaka 2022 waliweka sheria iwe chini ya miligramu 3 kwa siku. Uchachushaji ukienda vibaya kuna sumu ya ukungu inaitwa sitrinini, inaumiza figo. Na Machi 2024 Japan walirudisha kutoka sokoni saplimenti za mchele mwekundu baada ya watu kupata matatizo ya figo, hao ni Japan wenye viwanda vya maana, sasa huyu anayejaza makopo sijui wapi? Kuna na wanaochanganya dawa kimya kimya, mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo mwaka 2007 kuhusu bidhaa za mchele mwekundu zilizokutwa na lovastatini.

Kwa hiyo mjamzito asiguse. Mwenye ini bovu asiguse. Anayetumia statini ya hospitali tayari anajiongezea dozi bila kujua, na ukiwa umeandikiwa klarithromaisini, ambayo ni antibiotiki, au itrakonazoli ya fangasi, ndio hatari zaidi maana zinaizuia lovastatini isivunjwe, inarundikana, misuli inaweza kuanza kuvunjika ikamwagika kwenye damu mpaka figo zikaziba. Hata juisi ya balungi inafanya hivyo kwa kiasi chake.

Kilichonifanya nikae chini niandike yote haya ni inbox aliyomtumia mama mdogo wangu, ambaye alishapata shambulio la moyo na amewekewa stenti, yani kile kibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo. Kamwandikia, nanukuu, "mama achana na hizo dawa za hospitali zinakumaliza ini, anza zangu leo". Mtu hajamwona, hajui anatumia nini, hajaona hata karatasi yake moja. Mtu mwenye stenti akiacha statini na dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ushauri wa inbox anaweza asifike huo mwezi wa masharti. Bahati nzuri mama mdogo ni mbishi, akanifowadia kwanza. Kama una mzazi kwenye haya magrupu ya afya mshike simu umuulize taratibu, wengi hawasemi kwa sababu wameambiwa "usimwambie daktari wako, anakula kwenye hizo dawa".

Watakuja wa "mbona mimi nimepona". Sawa, weka karatasi zote mbili hapa, vizio vionekane, tarehe ionekane, useme na kingine ulichobadilisha kipindi hicho, sigara, uzito, chakula, dawa ya hospitali. Tutapiga hesabu wote hapa hapa.

Na kama ulishameza hivyo vidonge na misuli inauma bila sababu, au mkojo umekuwa mweusi kama kola, au macho yamekuwa ya njano, acha leo nenda hospitali, beba na kopo. Usione aibu kulitoa mbele ya dokta, akijua kuna mchele mwekundu atajua apime ini, figo na CK, kipimo cha damu kinachoonesha misuli inavunjika, badala ya kuanza kubahatisha malaria. Kopo usitupe hata likiisha, na skrinishoti za malipo na za mazungumzo hifadhi, mamlaka ya dawa watazitaka. Angalieni chini ya kopo kama kuna namba ya bechi mpige picha, kopo nililooneshwa mimi lilikuwa na tarehe ya kuisha tu, imebandikwa juu ya nyingine.