Ubao wa sumaku wa shilingi 850: nimeujaribu kwa mafumbo ya sataranji

Asalaam aleikum jamaa zangu, karibuni tena. Leo niko barazani huku Mji wa Kale, kahawa hii hapa, na kelele za bodaboda mtanisamehe. Nimewaletea ubao wa sataranji wa sumaku, huu wa kukunja, kete zake zalala ndani. Nimeupata Marikiti kwa shilingi 850, na muuzaji alianzia 1,200, kwa hivyo msikubali bei ya kwanza.

Sikuununua nicheze na mtu. Ugonjwa wangu ni mafumbo ya kutungwa ya mwisho wa mchezo: kete tatu au nne tu ubaoni, unaambiwa nyeupe ianze na ishinde, au ianze na ipate sare. Kwenye simu yapo tele, lakini kidole kinawasha. Ukikwama dakika mbili tu, ushabonyeza jibu.

Sumaku kwanza. Nimevuka nao feri ya Likoni, watu wamebanana, upepo wavuma, na kete hazikuhama. Farasi mmoja mweusi ndiye sumaku yake imelegea, nimemtia gundi. Askofu na kitunda, ile kete ndogo ya mbele, wanafanana mno, usiku utawachanganya.

Sasa kasoro yenyewe. Nawapangia fumbo la Saavedra, kasisi Mhispania aliyekuwa akiishi Glasgow. Ni la 1895. Herufi ni safu ya wima, namba ni ya mlalo. Mfalme mweupe b6, kitunda chake c6. Mfalme mweusi a1, ngome yake d5. Nyeupe ianze, ishinde. Kitunda kinaingia c7, ngome inaanza kumpa mfalme cheki, yaani kumtishia kumla: d6, d5, d4, d3, naye anateremka b5, b4, b3, mpaka c2. Ngome inarudi d4. Hapo kitunda kinafika c8, mwisho wa ubao, kinageuzwa kete kubwa, na kila mtu anachukua malkia, mimi pia nilichukua! Ngome nyeusi inajitupa c4, cheki. Malkia akiila, mfalme mweusi hana pa kukanyaga wala hajatishwa. Sare. Dawa ni kuchukua ngome pale c8. Inatishia kumaliza kazi kwa a8, nyeusi haina budi kuziba a4, mfalme mweupe anaingia b3, na hapo ngome inaliwa ama mfalme anauawa na ngome nyeupe ikishuka c1. Yule aliyelichapisha gazetini alidhani ni sare, Saavedra ndiye aliyeona ushindi.

Haya, hiyo ngome ya kuchukua iko wapi? Iko tumboni mwa ubao! Tazameni: ili niifikie lazima niukunje, na kete zangu zote ziko juu. Basi itoe mapema, utasema. Ukiweka ngome peke yake kando, ushajifichulia jibu. Mimi sasa natoa malkia, ngome, askofu na farasi, nawapanga wote hapa kando ya kikombe, hata fumbo lisipowahitaji. Mtengenezaji angechimba kijishimo kimoja ubavuni, tungepumzika.

La pili ni la Richard Réti, 1921. Mfalme mweupe h8, kitunda chake c6; mfalme mweusi a6, kitunda chake h5. Nyeupe ianze, ipate sare. Kitunda cheusi kishatoka mbio na mfalme yuko nyuma, hakifikii. Kitunda cheupe nacho adui yuko mlangoni. Nilikaa nalo tangu alasiri. Ami hapa jirani, mcheza dama wa miaka mingi, sataranji haijui, akaniuliza tu mfalme huenda vipi. Hatua moja, upande wowote, nikamwambia. Akacheka. "Basi mbona wataka ende wima? Mpitishe mshazari, mwanangu."

Ndilo jibu, jamaa. g7, f6, e5. Kwa mfalme, mshazari hauna hatua zaidi ya wima, na kwa njia hiyo anakaribia vitunda viwili kwa wakati mmoja. Nyeusi ikila c6, anageuka f4 na kukidaka kile kingine. Ikikimbiza chake, anaingia d6 kukisindikiza cha kwake, na malkia wanazaliwa wawili, mmoja kila upande.

Kwa mafumbo, nunua. Kwa mchezo wa watu wawili, vyumba ni vidogo, vidole vitagongana. Na ukifika Marikiti, kagua sumaku ya kila kete kabla hujatoa pesa, hasa farasi. Ami, nipe ubao wangu basi, naenda swala.