José Arcadio Buendía: mzee wa Macondo anayestahili kusomwa taratibu

Karibuni sana watazamaji. Hiki nilichoshika ni Cien años de soledad, riwaya ya Gabriel García Márquez wa Kolombia, iliyotoka Buenos Aires mwaka 1967. Dukani ulizia kwa jina la Kiingereza, One Hundred Years of Solitude. Sitawasimulia kitabu kizima. Leo ni huyu mzee mmoja tu, José Arcadio Buendía, mwanzilishi wa mji wa Macondo. Wengi humcheka wakapita, na ukimcheka tu ukapita, utamu mkubwa wa kitabu umekupita pia.

Kila Machi Wajipsi, watu wa kuhamahama, wanafika Macondo na maajabu yao. Wakileta sumaku, bwana huyu anatoa nyumbu wake wa mizigo na mbuzi wawili ili azipate, akiamini zitavuta dhahabu kutoka ardhini. Melquíades, Mjipsi mwenyewe, anamwambia kabisa kwamba hazifanyi kazi hiyo. Hasikii. Anaziburuta kila mahali, mpaka chini ya mto, na anachofukua ni vazi la chuma la karne ya 15 lenye mifupa ya mtu ndani. Wakileta kioo cha kukuzia, anataka kukigeuza silaha ya vita. Anajijaribia mwenyewe mwale wa jua, anaungua, na vidonda vinachelewa kupona.

Sasa mwangalieni mkewe, Úrsula. Ana sarafu za dhahabu alizoachiwa na baba yake, aliyejinyima maisha yake yote kuzikusanya. Amezifukia chini ya kitanda zisubiri shughuli ya maana. Mume anambembeleza mpaka anazipata, anatupa sarafu 30 kwenye chungu pamoja na shaba na madini ya risasi ili dhahabu iongezeke, na kinachobaki ni ukoko mweusi uliogandia chini. Soma ukurasa huo polepole. Mwandishi hamhukumu mtu, anakuonyesha chungu tu. Mimi pale nilimlilia Úrsula, kwa sababu ndiye anayelisha watoto kwa kulima bustani na baadaye kwa kuuza peremende za umbo la wanyama.

Lakini jamani, huyu si mjinga! Ndiye aliyepanga Macondo, nyumba zikakaa kiasi kwamba kila mtu anafika mtoni kwa jasho lilelile, na hakuna nyumba inayopigwa jua kuliko nyingine. Kiongozi gani anafikiria hivyo? Halafu anajifungia miezi na vyombo vya kupimia vya mabaharia, na siku moja mezani anawatangazia watoto: dunia ni duara kama chungwa. Úrsula anakivunja chombo chake kwa hasira, kijiji kizima kinaamini mzee ameshachanganyikiwa. Kisha Melquíades anarudi na kumsifu mbele ya watu, kwamba ameligundua kwa kichwa chake tu jambo ambalo huko nje lilithibitishwa zamani.

Hapo ndipo uchungu wa mtu huyu ulipo kwa maoni yangu. Ana akili ya kufika pale walipofika wakubwa wa dunia, ila anafika peke yake, kwa kuchelewa, na bili analipa mkewe.

Mwisho wake sitauficha, maana hata ukiujua hauharibu usomaji. Siku moja anashikilia kwamba leo bado ni Jumatatu, kwa kuwa anga ni lilelile la jana. Anavunja maabara yake yote. Wanahitajika wanaume 10 kumwangusha, 14 kumfunga, na 20 kumburuta hadi kwenye mti wa chestnati uani. Idadi inavyopanda hivyo, ndipo unapojua nguvu zilizokuwa ndani ya mwili ule.

Nunua? Nunua, hasa kama nyumbani kwenu kuna baba wa aina hii. Ila chagua toleo lenye mchoro wa ukoo kurasa za mwanzo, kwa sababu majina ya Arcadio na Aureliano yanarudi kizazi baada ya kizazi, na bila mchoro utapotea kabla ya sura ya tano.